Kutafuta neno kwa herufi zake si wizi

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kuna ugomvi usiokwisha. Kila asubuhi watu wanarusha vile vijiboksi vya kijani na njano vya Wordle, na kila asubuhi hakosi mmoja wa kushutumiwa kwamba ameibia: kaingia Google, kaandika anataka maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye O na U yanayoishia na H, kaletewa orodha, kachagua. Mara nyingi anayeshutumiwa ni mimi. Nasema hapa ninachosema kule: huo si wizi, na kwa sisi tuliokutana na Kiingereza darasani, ni njia nzuri sana ya kujifunza ambayo hatukuwahi kupewa.

Kwa asiyeujua mchezo: kuna neno moja la siku la herufi tano, nawe una nafasi sita za kulikisia. Herufi iliyopo na iliyokaa mahali pake inageuka kijani, iliyopo lakini imekaa pasipo pake inakuwa njano, isiyokuwepo inakuwa kijivu. Basi.

Mchezo huu ulitengenezwa na Josh Wardle, mtaalamu wa programu mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah. Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yanapita 12,000, na mengi kati yake hata wenye lugha hawayajui. Shah akayapitia, akachambua anayoyafahamu na asiyoyafahamu, yakabaki kama 2,500. Mchezo ulifunguliwa kwa umma Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la The New York Times likaununua. Hilo la uchambuzi mimi hulirudia kila ninapoitwa mwizi. Orodha ya majibu ilianza kama msamiati wa mtu mmoja anayeishi Marekani. Februari 2022 jibu lilipokuwa "humor", bila ile U ya pili ya "humour" wanayoiandika wao, Waingereza walilalamika. Ikiwa Mwingereza anakwama kwenye lugha ya mama yake, je, mtu aliyeanza na Kisambaa nyumbani, akapata Kiswahili mtaani, na Kiingereza akakikuta ubaoni? Kwa nini yeye aone haya kufungua orodha?

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alikuwa kwetu. Jioni akashika simu yangu, akaanza na "house". O na U zikawa kijani, H ikawa njano. Kwa pupa akaandika "laugh", na mwisho mzima, UGH, ukawaka kijani. Kwa hiyo jibu linaishia na OUGH, imebaki herufi ya kwanza tu. Akafurahi, kisha akanyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole: cough, rough, tough, dough, bough.

"Mjomba, maneno matano, nafasi nne."

Angekisia moja moja angeweza kumaliza nafasi zote na asilipate. Nikamwambia aache kukisia jibu, atafute neno moja lenye C, R, T na B kwa pamoja. Tukaingia kwenye moja ya zile tovuti zinazopanga maneno kwa urefu na herufi, tukaweka herufi zetu nne, na neno likajitokeza: "bract". Hakulijua. Mimi pia sikulijua. Tukaliandika, na mstari mzima ukawa kijivu. Alinitazama kama niliyemharibia. Nikamwomba ausome ule mstari taratibu: haianzi na C, wala R, wala T, wala B. Akatulia kidogo, kisha akapiga kelele "dough!" hadi mama yake akaja kuchungulia. Unga uliokandwa, kama ule wa chapati uliokuwa jikoni wakati huohuo.

Niambieni, hapo nani kaibiwa? Yule mtoto alipanga, akapima, akaondoa yasiyowezekana.

Lakini lililonigusa zaidi ni swali lililofuata. Aliyasoma yale matano kwa sauti, akauliza mbona yameandikwa sawasawa na hayatamkwi sawa. Kwenye cough, rough na tough mwisho ni "f". Kwenye dough na bough ile GH haina sauti yoyote, na hata irabu hazilingani.

Hilo swali nililiuliza mimi nikiwa darasa la sita. Nilikuwa nimeandika "nait" badala ya "night" kwenye imla, kama ninavyolisikia, kwa sababu Kiswahili kilinizoesha kwamba ukisikia neno umeshajua kuliandika. Mwalimu alinisimamisha mbele, darasa likacheka, nikaambiwa nikariri. Kwa nini kuna GH mle ndani, hakuna aliyeniambia. Nilikariri night, light, right, fight kama mtu anayebeba mawe.

Na sababu ipo, tena Mswahili anaielewa haraka kuliko wengi. Zamani GH ile ilikuwa inatamkwa, sauti ya kooni inayokaribiana na "kh" ya Subalkheri. Neno "night" lilisikika karibu na "nikht". Maandishi yakaanza kuganda vitabu vilipoanza kupigwa chapa, William Caxton akiwa ameleta mtambo Uingereza mwaka 1476, lakini midomo ya watu iliendelea kubadilika. Sauti ya kooni ikapotea. Katika maneno mengine ikafutika kabisa, katika mengine ikageuka "f". K ya "knoll" na "knife" nayo ilikuwa ikitamkwa, ikafa hivyohivyo. Kumbe yale mawe niliyoyabeba ni mabaki ya sauti za watu! Ningeelezwa hivyo siku ile, nisingekaa miaka nikidhani Kiingereza ni lugha ya kukomoa wanafunzi.

Ndiyo maana nazitetea orodha hizi. Vitabu vyetu hupanga maneno kwa mada: sokoni, hospitali, shambani. Ni sawa, ila mpangilio huo unaificha tahajia. Ukiyaweka maneno kwa urefu na herufi, ndugu wanaonekana mara moja, kama vile Kiswahili ukiandika panga, kanga, nanga, janga, tanga, wanga. Mwalimu wa Kiingereza akiandika ubaoni yale matano ya OUGH na kusimulia ile sauti iliyopotea, dakika kumi zinamtosha, na hakuna mtoto atakayechekwa.

Ninachokikataa ni kwenda kwenye kurasa zinazotoa jibu la siku likiwa tayari. Huko hakuna ulichotafuta. Na kuna la pili linaloniuma: kuchukua neno kwenye orodha, kulitumia, na kuliacha bila kujua maana yake. Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Namvulia kofia kwa kumbukumbu ile. Lakini yeye anatafuta pointi. Mpwa wangu anatafuta lugha.

Kwa hiyo usiku ule tulirudi kwenye "bract". Kamusi ikasema ni jani la pekee linalokaa chini ya ua, na ikatoa mfano wa bogenvilia: zile karatasi nyekundu na zambarau tunazoziita maua si maua. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati. Tunayo bogenvilia getini, ina miaka kumi na tano. Tukatoka na tochi ya simu, akavuta tawi moja, akalifunua kwa kidole, akahesabu: majani matatu ya zambarau, na ndani yake vijiua vitatu vyeupe.