Mbawakawa hana uso, na utamu uko hapohapo

Kila ikitajwa Kisasi cha Mpiga Picha, ile filamu bubu ya Starewicz ya 1912 huko Urusi, hakosi mtu wa kusema ah, hamna ucheshi pale, ni maiti za wadudu zimefungwa waya. Na kwa kweli hajakosea sana. Jamaa alitaka kurekodi mbawakawa wakipigana, kila akiwasha taa wanazubaa, basi akachukua waliokufa, akang'oa miguu akairudishia kwa waya na nta, anasogeza kidogo anapiga picha, anasogeza tena. Ukiwaweka pembeni ya Gertie, yule dainosa wa katuni ya kuchorwa ya McCay ya 1914 anayegombezwa mpaka analia, wanaonekana wakavu kweli.

Ila mi naona watu wanatafuta uso wakati mambo yote yako kwenye mwendo. Bwana Mbawakawa ana mchepuko, kerengende mcheza dansi wa klabu. Panzi mpiga picha kapigwa bao kwa huyo kerengende, anawafuata wawili hao mpaka hotelini, anaegesha kamera kwenye tundu la funguo anazungusha mkono wake taratibu kama fundi anayelipwa kwa saa. Bwana anarudi nyumbani anamfuma mkewe na msanii, vurugu, msanii anatorokea kwenye bomba la moshi, kisha eti bwana "anamsamehe" mke anampeleka sinema. Kumbe opareta, yule anayeendesha mashine ya kuonyesha filamu, ni yule panzi! Na kwenye pazia nani? Bwana mwenyewe na kerengende wake.

Sasa sura aliyokuwa nayo akichepuka ndiyo hiyohiyo akifoka, ndiyo hiyohiyo akisamehe. Angekuwa na macho ya kukonyeza, unafiki wote ungeisha ladha.

Halafu piga hesabu, filamu za enzi hizo ni kama fremu 16 kwa sekunde, dakika moja tu 960, na hii ina dakika kama 12. Hata kama kila mkao aliupiga fremu mbilimbili, ni miguu sita kwa kila mdudu, weka na vipapasio juu. Mtu wa kiinimacho tu angeishia kwenye ngumi, huyu anahangaika na mdudu kuingia mlangoni kama mwenye nyumba.

Kasoro zipo, kamera imeganda na kuna wakati sijui msanii ni yupi na mume ni yupi (wote weusi, wote miguu kibao). Mwishoni kibanda cha opareta kinashika moto, mke na mume wanaishia jela pamoja, na sura zao ni zilezile za mwanzo.