Kidonda kinachofichwa

Mwalimu wa kuzamia anayesita kumpokea mwanafunzi mwenye mguu wa bandia hana roho mbaya. Mzamiaji (wa mtungi wa hewa, si yule wa kujificha melini) hashuki peke yake. Mwenzake ndiye msaada wa kwanza mambo yakiharibika. Mguu wenye uwazi ndani huelea na kumpindua mtu miguu juu, na goti lenye umeme halipatani na maji ya chumvi. Hofu hizo ni za kweli.

Ila karibu zote hutibika bwawani. Mguu hutobolewa maji yaingie na kutoka, au kifundoni hufungwa kipande cha madini ya risasi kiushushe. Wengine huuacha kwenye boti na kujifunza kwenda sawa kwa pezi moja, kile kiatu kipana cha kuogelea. HSA, chama cha kufundisha kuzamia watu wenye ulemavu kilichoanza California mwaka 1981, hakibahatishi; huwapanga wahitimu kwa kadiri wanavyoweza kujisaidia na kumsaidia mwenza: wa daraja A huzama na mwenza mmoja kama mtu yeyote, B na C wawili, na kwa C mmoja wao awe amefunzwa uokoaji. Hata mtihani wa kawaida wa PADI, shirika kubwa la kufundisha wazamiaji, unataka mita 200 za kuogelea, mtindo wowote, bila saa ya kukimbizana nayo. Miguu haikutajwa.

Kinachonikosesha raha ni kisa cha Carl Brashear, mzamiaji Mweusi wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1966, wakiopoa bomu la haidrojeni karibu na Palomares, Hispania, bomba lilimvunja mguu wa kushoto, ukaja kukatwa chini ya goti. Mwaka 1968 akarudishiwa ruhusa ya kuzama, wa kwanza jeshini humo mwenye mguu uliokatwa. Watu husimulia ushindi huo, nami naushangilia. Lakini mwenyewe alieleza kwamba katika mwaka ule wa kupimwa kama anafaa kuzamia tena alikuwa akitoka kukimbia anakuta damu imetuama ndani ya mguu wa bandia. Zahanati hakwenda, maana angeandikiwa ripoti. Alijificha mahali, akatia kigutu kwenye ndoo ya maji moto yenye chumvi.

Ndoo ile haikuletwa na mguu. Ililetwa na wapimaji waliokuwa wakitafuta sababu ya kumwondoa. Mwalimu anayempokea mwanafunzi shingo upande anaiweka ndoo hiyo hiyo nyuma ya boti: ngozi iliyoroweka ndani ya soketi, pale kigutu kinapoingia kwenye mguu wa bandia, huchubuka upesi, naye mwanafunzi atasema yuko salama, asije akaambiwa "si nilikwambia?"

Kidonda kibichi hakiingii baharini, na hapo mwalimu ana haki kamili ya kukataa. Lakini anahitaji kukiona kwanza. Asubuhi, kabla ya kusoma geji ya mtungi, na aseme, "Vua, tuangalie ngozi," kwa sauti ile ile anayoulizia kama kuna mwenye mafua.