Meli haikuzamishwa na adui: ukweli na mvuto katika filamu za vita vya Ziwa Tanganyika

Anayetaka kutengeneza filamu ya Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Kigoma hukutana na swali hili kabla hata hajatafuta waigizaji: abadili kiasi gani cha historia ili watazamaji wasichoke? Mfano tunao. The African Queen ya mwaka 1951, iliyochezwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, inaonyesha meli ya Kijerumani iitwayo Louisa ikizama kwa torpedo za kujitengenezea, mwaka 1914. Meli halisi iliyochochea hadithi hiyo, Graf von Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba, mwaka huo ilikuwa bado haijaelea. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wala hakuna adui aliyeizamisha.

Watetezi wa sinema wana hoja, na ni nzito. Vita hivi vilivyokwenda kweli havina mpangilio unaoifaa skrini. Waingereza walileta boti mbili zilizoitwa Mimi na Toutou, futi 40 kila moja, kwa treni toka Cape Town hadi Fungurume kule Katanga, kisha zikaburutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Ilikuwa kazi ya miezi. Boti ziligusa maji Desemba 1915, na tarehe 26 zikaiteka Kingani, boti ya kivita ya Kijerumani, katika pambano ambalo halikutimiza robo saa. Mwongozaji akifuata uwiano huo atakuwa na saa nzima ya kuvuta kamba na dakika mbili za mizinga. Kufupisha muda ni haki yake. Kuunganisha maofisa watatu kuwa mmoja pia ni haki yake, maana mtazamaji hawezi kushika majina kumi. Tena tukubali kwamba wengi duniani wamelisikia ziwa letu kupitia hadithi hiyo ya kubuni.

Ila ubunifu huo ulitupa tukio kubwa kuliko lile uliloweka. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, mafundi walewale walioileta Graf von Goetzen kutoka Papenburg walizipaka injini zake grisi nene, ndipo wakaizamisha wenyewe karibu na Kigoma, ili siku moja iweze kuibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Fundi anazamisha kazi ya mikono yake huku akiitunza isiharibike: mwandishi gani wa michezo angeacha hilo akachukua mlipuko? Hapa ukweli haukuwa mzigo kwa mvuto. Ndio uliokuwa mvuto wenyewe.

Kosa nisiloweza kulisamehe ni la wapagazi. Katika filamu nyingi za vita hivi wanapita nyuma ya mzungu anayezungumza, hawana jina wala sentensi, ilhali bila wao hakuna jeshi lililokula wala kupiga risasi. Hata pale wanapoonekana, wanabeba makasha matupu, na kamera inaona: shingo haishuki, hatua ni nyepesi, mkono haushiki ubavu wa kasha. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25 hadi 30. Weka mchanga kilo 12 au 15, badilisha wabebaji kila baada ya picha chache, uone mwendo unavyobadilika.

Bunduki nazo zina lake. Kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilianza vita na Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi, inayotoa wingu la moshi mweupe na kumfichua mpigaji. Ukimpa kila askari bunduki ya kisasa zaidi umepoteza hofu halisi ya uwanja ule: kwamba ukifyatua, umejitaja ulipo. Moshi ni rahisi kutengeneza, na unavutia macho.

Kuitumia Liemba yenyewe kunashawishi, lakini miaka ya 1970 iliondolewa mvuke ikawekewa dizeli, na sehemu zake za juu zimebadilishwa. Mlio lazima urekodiwe upya, na moshi wa kuni uongezwe kwenye dohani. Ipigwe picha kwa mbali, kwenye mwanga wa asubuhi, na kamera isikae muda mrefu sitahani. Usiku, karabai na taa za sola za wavuvi wa dagaa zizimwe. Wakati ule walivua kwa moto wa kuni. Ujiji pia ina mtego kwa anayerudi nyuma hadi mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone: ziwa limeshuka tangu hapo, na kumbukumbu yao leo iko mbali na maji. Kupiga ngalawa zikitia nanga pale penye mnara haiwezekani, na kupiga ufukwe wa sasa ni sawa kabisa, mradi mapaa ya bati na mikaratusi visiingie kwenye fremu.

Bajeti ikiwa ndogo, mimi ningeanza na mchanga wa makasha na moshi wa bunduki, kisha niwape wapagazi wawili majina na mazungumzo ya Kiswahili kabla sijalipia mlipuko hata mmoja.