Boya la Argo bado linaihitaji meli

Tangu maboya ya Argo, mtandao wa kimataifa wa mitambo inayoelea na kuipima bahari, yafike 3,000 mwaka 2007, kila bajeti inapobanwa huulizwa: kwa nini tuendelee kuchoma mafuta ya meli za utafiti ilhali mtambo wa kilo 20 na ushee unaipima bahari peke yake?

Swali lina uzito. Boya huelea na mkondo kwenye kina cha mita 1,000. Kila baada ya siku 10 hivi hushuka hadi mita 2,000, kisha pampu husukuma mafuta kutoka ndani hadi kwenye mfuko wa mpira ulio nje. Uzito ni uleule ila ujazo umeongezeka, basi hupanda likipima halijoto, chumvi na mgandamizo. Likifika juu hutuma data kwa setilaiti, na kwa kawaida ndani ya saa 24 yeyote anaweza kuzipakua bure. Hufanya hivyo kwa miaka minne au zaidi, hata kwenye Bahari ya Kusini majira ya baridi, ambako ni manahodha wachache wanaokubali kwenda. Hapo meli imeshindwa, tukubali.

Kasheshe ni chumvi. Boya haliipimi moja kwa moja. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme ndani ya mrija mwembamba wa kioo, chumvi ikapatikana kwa hesabu. Utando wa viumbe ukishika mrijani, chumvi husomeka pungufu. Ndiyo maana pampu ya maji huzimwa mita chache kabla ya kuibuka, uchafu wa usoni mwa bahari usivutwe ndani. Kuna pia vihisi vilivyosoma chumvi kupita kiasi kwa kasoro ya mrija wenyewe. Kosa linalovumilika kwenye kipimo cha chumvi ni 0.01 tu (kama gramu 0.01 kwa kilo ya maji), likizidi vilindini, tutatangaza mabadiliko ya bahari ambayo hayapo.

Na boya halirudi maabara. Husahihishwa kwa kulilinganisha na vipimo vya meli vya eneo hilo, navyo vinategemea kazi ya mikono: chupa ya kioo husuuzwa mara tatu kwa maji ya sampuli yenyewe, hujazwa hadi begani, shingo hukaushwa, kisha hufungwa. Tone likikaukia shingoni, punje ya chumvi huanguka ndani na sampuli imeharibika. Kukata safari hizi ili kuongeza maboya ni kununua mizani nyingi na kutupa mawe yake.

Halafu kuna kina. Wastani wa bahari ni kama mita 3,700, hivyo karibu nusu ya maji yake iko chini ya upeo wa boya la kawaida. Yapo yanayofika mita 6,000, lakini ni machache, na huko kosa linaloruhusiwa ni dogo zaidi. Yanaitegemea meli kuliko wenzao.

Pa kubana matumizi papo: safari za kupima halijoto na chumvi tu katika mita 2,000 za juu, mahali ambapo maboya yamejaa. Njia za meli zinazopimwa upya kila miaka 10 hivi, kutoka juu hadi sakafuni, zisiguswe. Na meli inayokwenda kudondosha maboya ishushe kwanza vihisi vyake na chupa mahali hapohapo, ili boya lipate cha kulinganishwa nacho tangu mzunguko wake wa kwanza.