Nyotamkia isiyo na mkia

Lugha yetu ilishajifunga yenyewe: nyotamkia ni nyota yenye mkia. Sasa ile isiyo nao tuiiteje? Wanaastronomia walikwepa swali hilo kwa kuazima jina la paka wa Kisiwa cha Man, ambao wengi wao huzaliwa bila mkia, wakaviita vitu hivi Manx. Vinatoka mbali kama nyotamkia za mzunguko mrefu, lakini vikilikaribia Jua havifuki, au hutoa vumbi kiduchu tu.

Kwa maoni yangu, hivi ndivyo vya kukimbiliwa. Zile zenye mkia wa kupigiwa picha zisubiri kidogo.

Chukua C/2014 S3, kilichogunduliwa mwaka 2014 na darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii. Hulizunguka Jua mara moja kwa miaka 860 hivi. Timu ya mwanaastronomia Karen Meech ilipouchambua mwanga wake ikakuta mwamba, wa aina ile ile ya asteroidi zilizo upande wa ndani wa ukanda kati ya Mirihi na Mshtarii, tena mwamba ambao joto la Jua halijauchakaza. Jiwe lililozaliwa karibu na moto limetunzwa jokofuni, katika Wingu la Oort, lile kundi la vitu vya barafu kwenye ukingo wa mbali wa mfumo wa Jua, kwa mabilioni ya miaka!

Nani alilitupa huko? Sayari kubwa, kwa mvutano wake. Ubishi uko kwenye namna zilivyofanya hivyo: zilihamahama na kuvuruga eneo la ndani, au zilitulia? Kila nadharia inatabiri uwiano wake wa mawe na barafu katika wingu lile. Kwa hiyo tuhesabu. Meech na wenzake walikadiria kwamba vitu 50 hadi 100 vingetosha kuzichuja nadharia hizo. Jiwe moja halimalizi ubishi.

Ugumu ni kwamba kukosa mkia si ushahidi wa mwamba. Nyotamkia kongwe iliyoishiwa barafu, au iliyofunikwa na gamba la vumbi, nayo huonekana nukta tu. Ni spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, inayozitenganisha, na kwa nukta hafifu namna hiyo spektra hudai darubini kubwa, haraka, kabla mgeni hajatokomea. Darubini mpya ya Vera Rubin nchini Chile itatuletea nukta nyingi. Bila saa zilizotengwa mapema kwenye darubini nyingine kubwa, zitabaki orodha. Ningetaka kila Manx mpya apewe haki ya kukatiza ratiba ya usiku huo huo. Wenye zamu watanung'unika, najua.