Mama ntilie ahamishwe au aachwe? Naongea kama mlaji

Kazi yangu ni fundi AC, ofisi yangu ni begi na ngazi. Leo niko Tegeta, kesho Mbagala, keshokutwa niko ghorofani Posta nahangaika na mashine inayovuja, kwa hiyo hii miaka kumi na kitu chakula cha mchana nimekula karibu kila kona ya Dar es Salaam isipokuwa nyumbani kwangu. Wali maharage wa Buguruni naujua, samaki wa Feri nawajua, supu ya makongoro ya Magomeni saa moja asubuhi na chapati mbili naijua, na mihogo ya Coco Jumapili yenye pilipili ya kukutoa machozi naijua pia. Sasa ule mjadala wa kuwatoa mama lishe barabarani ukianza tena, na huwa unaanza tu kila baada ya muda kama vuli, naona wanaongea watu wa manispaa, wanaongea wenye magari, wanaongea wenye maduka, mlaji kakaa kimya anatafuna. Leo mlaji aongee.

Kwanza hilo jina. Siku hizi kiofisi wanaitwa mama lishe, na wanaume wamo, baba lishe, lakini jina la mtaani ni mama ntilie na jina hilo wamepewa na mteja mwenye njaa, mama n'tilie wali, mama n'tilie na mchuzi hapo, bado kidogo mama, ongeza. Yani ndani ya jina tayari kuna watu wawili wanaojuana. Nitarudi hapo.

Hawa watu serikali imewageuza geuza sana. Desemba 2018 Magufuli alitoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, unalipa elfu 20 kwa mwaka, unakivaa shingoni na hakuna mgambo wa kukugusa, nakumbuka kuna mama pale Mwenge alikuwa anapika nacho kimening'inia karibu kiingie kwenye mchicha. Oktoba 2021 upepo ukabadilika, machinga na mama lishe wakatakiwa waondoke barabarani, kwenye mitaro na mbele ya maduka, waende maeneo waliyopangiwa. Haijafika hata miaka mitatu, mama yule yule, sufuria lile lile.

Na mi sio wa kusema waliowatoa walikuwa wabaya tu. Hapana. Hoja wanazo na nyingine zina uzito kweli. Kabla ya 2021 kuna sehemu Kariakoo kutembea kwa miguu ilikuwa kama unavuka mto, njia ya waenda kwa miguu imejaa majiko, mama ana mtoto mgongoni anashuka barabarani kuzikwepa, bodaboda nazo zinatokea huko huko, halafu kuna karai la mafuta ya moto limekaa juu ya mafiga matatu usawa wa magoti ya watu. Hilo silitetei. Mtaro nao ndo kila kitu, maji ya kuoshea vyombo humo, maganda humo, na mvua ikinyesha mtaro ukiziba Jangwani inajaa tunaanza kuilaumu serikali.

Halafu kuna maji. Hapa ndo pabaya kuliko pote na tunaopenda kula mtaani huwa tunapapita haraka. Chungulia nyuma ya benchi. Utakuta ndoo mbili, ya kwanza ya povu, ya pili ya kusuuza. Saa tano asubuhi ile ya kusuuza unaweza kunywa. Saa sita na nusu wakija wale vijana wa gereji na wapaka rangi na makonda wote kwa pamoja, sahani ziko 20 na watu 60, sahani inazamishwa kwenye povu, inazamishwa kwenye ndoo ya pili, inakung'utwa mara mbili, inapokea wali wa mtu mwingine. Ikifika saa nane ile ndoo ya pili ina rangi ya chai ya maziwa. Mama sio kwamba hajui, anajua, lakini maji ananunua kwa madumu na kijana wa mkokoteni kashapita, hatorudi mpaka jioni. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka hapa Dar kikasambaa mikoani, mojawapo ya mambo ya mwanzo ilikuwa kupiga marufuku chakula cha kuuza barabarani, na ukishaiona ile ndoo ya pili unaelewa kwa nini.

Mi mwenyewe kachumbari ya mtaani nilishaacha. Kila kitu nakula ila kachumbari hapana, kile kitu hakijapita kwenye moto. Na vijana wa chipsi nao tuseme tu ukweli, zege la usiku, yani chipsi mayai, tamu lakini kuna makarai mafuta yake yana weusi wa oili ya injini, leo kaongezea, jana kaongezea, lini kamwaga hajui.

Sasa upande wa pili, na hapa naanzia tumboni kwangu.

Kuna mgahawa mmoja, siutaji, una vioo, una feni nne, menyu ina picha, kwa bei ya sahani moja ya pale, kwa mama nakula siku tatu. Nilimaliza kazi jirani, mwenye nyumba kalipa vizuri, nikasema leo na mimi nijipe raha. Nikaagiza kuku na wali, ukaja umepangwa kama wa harusi. Usiku nilihamia chooni. Kesho yake nikarudi kuwaambia, sio kwa ugomvi, nikamkuta mhudumu sio yule wa jana, meneja katoka, nikaambiwa acha namba. Namba nikaacha. Huu ni mwaka wa tatu.

Weka hiyo pembeni, nikupeleke Mwananyamala nyuma ya gereji ninakotunza vifaa vyangu. Pale kuna mama anapika, nakula kwake nikiwa sina kazi ya mbali, tunakwenda mwaka wa nane. Ana daftari la Counter Book limejaa madoa ya mchuzi, kurasa za mbele ni madeni yetu, za nyuma ni vikoba, kile chama chao cha kuweka na kukopa. Siku moja nimekaa, nimesema mama leo nipe ugali dagaa, kanitazama, kasogea karibu, kasema kwa sauti ya chini, "Fundi, dagaa wa leo sijawapenda, kula maharage." Wale dagaa alishawakaanga. Hela yake imo mle. Lakini mimi nina deni la elfu kumi na mbili kwake na kesho nitakuja, na gereji nzima itakuja, nikiumwa mimi habari inafika kabla sijapona. Yule hana bwana afya wa kumsimamia kila siku, anasimamiwa na benchi.

Sasa wengi wakifika hapa wanasema basi, umeona, mtaani salama, migahawa wezi. Hapana, sijasema hivyo, na hapa ndo naona mjadala wote unapokosewa. Tunagawanya chakula cha mjini kwa sura ya sehemu, kibanda huku na mgahawa kule, uchafu huku na usafi kule. Mi ningegawanya kwa kuuliza kitu kimoja, huyu anayepika anapikia watu watakaorudi kesho au wapita njia? Yule mama wa gereji anapikia watu wa kurudi. Ule mgahawa wa vioo, barabara kubwa, watu wanaingia mara moja kwa mwaka, unapikia wapita njia. Na mtaani nao wapo wanaopikia wapita njia, nenda vituo vya mabasi, nenda karibu na vivuko, unakula umesimama, basi linawaka injini, kondakta anapiga bati, ukiumwa utaumwia Chalinze huko, nani atarudi kumwambia?

Kwa hiyo mi ningependa bwana afya ahamie stendi na barabara kubwa, huko ndo akae na vyeti vyake vya kupimwa na faini zake, na migahawa ya vioo aingie mpaka jikoni, sio anaishia kaunta kwenye soda. Kule uchochoroni apite, ndio, asiache kabisa, maana kujuana hakuui vijidudu na ile ndoo ya pili haijui kama mimi ni mteja wa miaka nane. Ila huko aje na bomba kwanza, faini baadaye.

Na ndo maana kuwahamisha hamisha kunanisumbua. Huwezi kumtoa mama sehemu aliyokaa miaka, ukampeleka eneo jipya lenye bati na namba ukutani, ukadhani umehamisha biashara ya chakula. Umehamisha masufuria. Wateja umewaacha, na daftari lenye madeni limebaki halina mtu wa kumdai, na yeye kule alikokwenda sasa anapikia watu asiowajua, yani umemtoa kwenye kundi la kwanza umemtia kwenye kundi la pili kwa jina la usafi. Tuna mfano tayari, Machinga Complex pale Karume, Ilala, jengo la ghorofa lililojengwa kwa mkopo wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na miaka na miaka vizimba vya juu vilikaa vitupu wenye biashara wakiwa chini barabarani. Mlaji hapandi ngazi. Mimi nabeba ngazi kila siku na bado sipandi ghorofa ya pili kufuata wali. Au angalia Ubungo, mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi Luis 2021, mama lishe waliokuwa wanalisha ile stendi usiku na mchana walibaki wanaangalia geti. Chakula kinafuata miguu ya watu, basi.

Watu watasema mbona Forodhani Zanzibar ilipangwa ikapendeza. Kweli, ile bustani ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, na wauza chakula wakarudi pale pale mbele ya bahari, hawakupelekwa mbali huko Fuoni. Hiyo naikubali kama mfano, tena nauchukua mimi, kwa sababu walitengenezewa walipo. Ingawa na pale nako, wenyeji wengi watakwambia urojo ukaule mtaani, Forodhani waachie wageni, na mgeni ndo yule yule mpita njia wangu.

Kwa hiyo msimamo wangu ukitaka kwa kipimo ni hatua mia, sio kilomita tatu. Wanaoziba njia ya waenda kwa miguu watoke, sina huruma hapo, lakini wasogezwe wanaposikika bado, waingie uchochoroni, pembeni ya ukuta wa shule, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga kwa miaka kumi, wawekewe bomba moja la kuchangia na shimo la maji machafu. Ushuru wanatoa, hela ya bomba imo humo.

Kuna jambo la gesi pia. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia umetoka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, na macho ya yule mama wa gereji yalivyokuwa mekundu kwa moshi nasema hata kesho. Lakini kaa naye jikoni uone hesabu yake. Mtungi mdogo anao, alipata kwenye vikoba, anachemshia chai na kukaangia mayai. Maharage yanabaki kwenye mkaa, maana maharage ni saa mbili mpaka tatu na mtungi wa kilo sita ukichemshia maharage ya watu 60 hauoni mwisho wa wiki. Hivyo mkaa hautoki pale kwa semina.

Na hizo gharama zote, za kuhama, za maji ya madumu, za gesi, usidhani analipa yeye. Tunalipa sisi, ila hatulipi kwa bei. Mchele ulipopanda 2022 kila mtu alijua mama hawezi kupandisha sahani kutoka elfu moja mia tano hadi elfu mbili kwa siku moja, vijana wa gereji wangemkimbia. Alichofanya alibadilisha upawa. Kabisa, nilimwona nao mpya, mdogo, unang'aa. Wali ukawa umefinywa juu unaonekana mlima, ukiuchoma kijiko katikati unashuka. Hakuna aliyesema kitu. Miezi sita baadaye bei ikapanda pia na upawa wa zamani haukurudi, na hilo nililalamika kweli, akacheka, akanitilia ukoko.

2021 na yeye walimtoa. Alikuwa mbele ya gereji, upande wa barabara, akapangiwa eneo ambalo kufika unapanda daladala. Alikwenda wiki mbili, siku ya mwisho aliuza sahani tisa, wali uliobaki akagawa njiani. Akarudi, sio mbele tena, safari hii nyuma, kati ya ukuta na magari mabovu yanayosubiri vipuri, chini ya turubai. Barabarani humwoni. Mgeni hawezi kufika, lazima uelekezwe, upite kwenye ile Noah isiyo na milango ukunje kushoto. Biashara yake imepungua nadhani theluthi, wapita njia wote kawapoteza, kabaki na sisi wa daftari. Maji bado ya madumu. Ila kaongeza ndoo ya tatu.