Kadi ya Vituo Saba na Samaki Wangu wa Kupaka

Samaki alikuwa changu. Nilimchagua mwenyewe asubuhi, nikamchoma kwa makaa, nikampaka tui zito la ukwaju na pilipili mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna mgeni gani. Wali wa nazi ulikuwa umekauka vizuri, achari ya embe imeshatolewa kwenye chupa, na juisi ya ukwaju ililala frijini tangu jana yake. Mgeni ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, amekuja kutoka Nairobi na wanawe watatu kwa treni, na tangu yule mdogo azaliwe hawajakanyaga Mombasa.

Saa saba na nusu wakaingia. Saa saba na dakika arobaini na moja wakatoka.

Dakika kumi na moja. Honi ilikuwa ikilia Ndia Kuu, wifi yuko mlangoni na kiatu kimoja mguuni: "Wifi utaniwia radhi, gari linatungoja, kadi inaisha kesho na tumebakisha vituo vinne." Nikauliza kadi gani, maana mimi kadi ninazozijua ni za harusi. Akaitoa kwenye mkoba. Kadi ya kitalii, unalipa mara moja unaingia vituo vyote vilivyoandikwa. Plastiki, ina picha ya yale mapembe ya ndovu ya kuundwa ya Moi Avenue, na nyuma imepangwa orodha. Kijana mmoja aliwauzia hotelini huko Bamburi siku ya kwanza, kabla hata hawajafungua mabegi. Samaki nikamtia kwenye kile chombo cha aiskrimu ambacho katika nyumba za Mombasa kina kila kitu isipokuwa aiskrimu, wakaenda naye.

Hebu niwasomee orodha. Vituo saba, siku mbili: Fort Jesus, Mji wa Kale, Mapembe, Feri ya Likoni, Mamba, Haller Park, na safari ya jahazi jioni.

Soma tena polepole. Mapembe! Yale mapembe yako juu ya barabara tangu miaka ya 1950, na kila matatu, kila mkokoteni na kila mbuzi wa kafara amepita chini yake bila kutozwa senti. Feri nayo, anayevuka kwa miguu halipi. Wanaolipa ni wenye magari. Na Mji wa Kale ni mtaani kwangu. Kumbe mimi, na mlango wangu, na kamba yangu ya kuanika nguo, sote ni kituo namba mbili, tumeshauzwa na hatujapewa hata ya chai.

Bei aliyolipa siitaji hapa kwa sababu kaka yangu husoma ninayoandika. Niseme tu kwamba pale Foti mwananchi ana bei yake, na mgeni wa ng'ambo ana yake iliyo juu zaidi, na kadi ile haikumuuliza wifi kitambulisho. Alitozwa kama ametoka Ujerumani. Hilo ni la pesa, na pesa zimeshakwenda. Linalonichoma mimi ni jingine, na nalijua kwa sababu nilishalifanya mwenyewe, tena vibaya zaidi.

Mwaka juzi nilimpeleka mama Istanbul. Mama hakuwahi kuomba safari katika maisha yake zaidi ya ile ya Makka, na alipoomba hii, watoto tukachanga. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa msafara. Usiku kabla ya kuondoka nilikaa na karatasi nikajumlisha viingilio vya kila jumba, nikalinganisha na bei ya kadi ya siku tatu, na kwenye karatasi nikashinda. Nilishinda sana. Sikujiuliza swali moja dogo: kati ya milango hii yote niliyoijumlisha, ni mingapi ningeigonga kama sina kadi? Ujanja wa kadi zote duniani umejificha hapo. Inakuhesabia faida ya kuingia mahali ambapo hukuwa na nia ya kwenda.

Jumatatu tulitua, tukafika hotelini, na saa kumi jioni nikaona tusipoteze muda, twende mnara wa Galata. Kadi ikasomwa mlangoni, na masaa yale mawili ya jioni yakawa siku nzima. Siku ya kwanza ikazikwa. Jumanne nikamwamsha mama alfajiri twende kasri la Topkapi, lile la masultani, ndilo hasa lililomtoa mama Mombasa. Tukakuta lango limefungwa na paka mmoja amelala kivulini. Topkapi hufungwa Jumanne. Kila mtu Istanbul anajua isipokuwa mimi niliyekuwa na karatasi.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekaa, akanywa chai, akamshukuru Mungu kwa jua. Mimi nilikuwa na kadi. Siku ya pili inaungua mkononi, lazima itumike, nikatazama ni nini kingine kimo. Tukapanda gari mwendo mrefu hadi jumba la kuonyeshea samaki. Samaki ndani ya vioo. Mimi, mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale, nimempeleka mama yangu, binti wa mvuvi, kutazama samaki. Akasimama mbele ya kioo kimoja kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ili wenyeji wasikasirike: "Huyu si tafi?"

Nilicheka baadaye. Siku ile sikucheka, nilikuwa natazama saa.

Jumatano ndiyo siku ambayo sijaisamehe. Topkapi likafunguliwa. Ndani yake kuna vyumba vya amana takatifu, vitu vinavyonasibishwa na Mtume na masahaba, na humo Qur'ani husomwa bila kukatika. Msomaji mmoja akimaliza zamu, mwingine anashika. Mama alipoingia na kusikia sauti ile, alisimama pembeni, akafumba macho, mdomo ukaanza kumfuata msomaji. Watu wakampisha. Sijui alisimama dakika ngapi. Najua kwamba mimi nilikuwa nyuma yake nahesabu. Bado milango mitatu, kadi inaisha leo, na mmoja uko ng'ambo ya pili ya mji. Nikamshika mkono. "Mama, twende."

Akafumbua macho, akaja. Hakusema neno. Mama zetu hawa hawasemi, ndiyo maana tunawafanyia tunayowafanyia.

Milango ile mitatu, mwaka huu ukiniuliza nilichokiona ndani, naweza kukumbuka mmoja, na ninachokumbuka ni choo chake.

Na sikiliza kejeli yake. Vitu ambavyo mama anavisimulia hadi leo kila akija mtu kumjulia hali, vyote havikuwa ndani ya kadi. Msikiti wa Sultan Ahmed, uliomalizika 1616, hauna tiketi. Msikiti wa Suleymaniye, kazi ya msanifu Sinan, hauna tiketi. Na feri ya kutoka Eminönü kwenda Üsküdar, nauli yake ndogo tu, watu wanakunywa chai kwenye vibilauri vyembamba kiunoni, shakwe wanafuata wakirushiwa vipande vya mkate wa ufuta. Mama alikaa sitaha, upepo umempiga buibui, akasema, "Kama Likoni, ila hawa wanakaa." Tulivuka na kurudi. Hiyo ndiyo Istanbul yake.

(Tukiwa kwa Waturuki: Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuja pwani yetu miaka ya 1580 bila kadi yoyote, Mombasa ikampokea, Wareno wakapandwa na hasira, na haukupita muda wakaanza kuijenga Foti, 1593. Kwa hivyo kiingilio cha Foti, ukikitazama vizuri, kina mkono wa Mturuki.)

Turudi kwa wifi. Foti, aliniambia, walikaa dakika ishirini na tano. Waomani waliizingira ngome ile kuanzia Machi 1696 wakaingia Desemba 1698, miezi 33 wakiwa nje ya ukuta, watu ndani wanakufa kwa njaa na maradhi, na wifi yangu akaimaliza dakika ishirini na tano pamoja na kupiga picha kwenye mizinga. Mwanawe wa kati, yule mwenye maswali, alikwama mbele ya michoro waliyoiacha wanajeshi wa Kireno ukutani. Walichora majahazi na samaki, mtu akiwa mbali na kwao na hana la kufanya. Mtoto akataka kuhesabu tanga. Dereva akapiga makofi: "Twende, twende, Mapembe!" Hivi kweli? Umemtoa mtoto kwenye meli iliyochorwa kwa mkono karne nyingi nyuma, ukampeleka kuangalia bati?

Haller Park nako walifika twiga wameshalishwa. Kuwalisha kuna saa zake, na saa hizo hazikuwemo kwenye ratiba ya kijana wa hotelini. Yule binti mkubwa alikuwa anajua habari za Owen, kiboko mtoto aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe mzee aitwaye Mzee kama mama yake. Alikuwa na hamu ya kusikia kisa kizima kutoka kwa watu wa pale pale. Akasikia nusu. Nusu ya pili akaisoma kwenye simu, garini, Nyali Bridge, kwenye msongamano.

Haya, nakubali. Nakubali shingo upande. Kuna mtu wa kadi. Kuna binadamu ambao huamka asubuhi wakiwa na kiu ya makumbusho kama sisi tulivyo na kiu ya kahawa tungu, na mtu huyo akienda Paris akachukua ile kadi yao ya makumbusho ya masaa 48, atairudisha pesa yake na chenji juu. Lakini hata yeye aangalie: Louvre hutaka uweke nafasi ya saa yako hata kama kadi unayo, na mtoto wa chini ya miaka 18 anaingia bure, kwa hivyo usije ukawanunulia wanao. London, British Museum ni bure. New York wana Likoni yao, feri ya Staten Island, haitozi kitu na inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Na wale wanaosema kadi inakurusha foleni, foleni ya kupekuliwa mifuko hairukwi na yeyote.

Lakini Mombasa? Kwa Mombasa sikubali. Mji huu milango yake yenye viingilio unaihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Vilivyobaki vyote viko wazi, na shida yake moja ni kwamba havitaki haraka. Huwezi kunywa kahawa ya buli huku gari linapiga honi. Muuzaji anamimina, anagonganisha vikombe, mzee wa jirani anaanza kisa cha mwaka ambao hukuzaliwa, halua inakatwa, na kabla hujamaliza kisa kimegeuka kesi ya mpaka wa nyumba. Hiyo utaiandika kituo namba ngapi?

Siku ya pili saa mbili asubuhi wifi alinipigia. Watoto wamegoma. Yule mdogo amejifungia chooni hotelini, anasema hataki mamba. Nikamwambia waje, wapande matatu kama watu, na kadi aiache kwenye begi.

Tulianza na viazi karai vya kona ya kwetu, tukapita uchochoro kwa uchochoro mpaka bandari ya kale, wakakaa kwenye ngazi wakatazama watu wakipakua. Hakuna aliyewaambia ni mwaka gani ilijengwa. Adhuhuri tukala kilichobaki cha jana, wakalala sakafuni, feni juu. Jioni tukateremka Mama Ngina, kule ufukweni. Mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, madafu, mibuyu ile minene ambayo yule wa kati aliikumbatia mmoja mmoja ikamshinda yote. Meli ya makontena ikaingia mlango wa Kilindini, karibu hivi mpaka mdogo akaipungia mkono, na mtu mmoja juu huko akampungia. Basi ikawa ndiyo habari ya siku.

Feri tulivuka mara nne. Mara nne, wifi akiuliza kila mara kama kweli hatulipi. Mara ya tatu niliona ameacha kuuliza, ameegemea chuma, viatu mkononi, ametulia kama mama alivyotulia kule Eminönü. Sikumgusa.

Usiku alinisindikiza hadi mlangoni kwangu, akatoa simu akanipigia hesabu ya kadi, kwa sababu hapendi kuonekana ametapeliwa, hasa mbele ya dada wa mumewe. Kwa mujibu wake hasara si kubwa. Mapembe, anasema, waliyaona mara mbili, kwenda na kurudi.

Nikamwambia sawa wifi. Walishapanda treni, wako Nairobi wiki ya pili sasa, na kile chombo changu cha aiskrimu bado sijarudishiwa.